Fukusi Niliowalisha Kuku

Siwezi kuosha sufuria mara moja tu. Naiosha, naigeuza juani, naona doa, narudia. Nalisema hili mapema kwa sababu tabia hiyo ndiyo iliyokaribia kuharibu kazi ya bichi nzima, yaani ufuo wetu wa wavuvi karibu na Kendu Bay.

Miaka hiyo ya tisini magugumaji yalikuwa yameziba ziwa. Ungedhani mtu amelima shamba juu ya maji, kijani mpaka macho yachoke, na maua ya zambarau yanayopendeza. Mashua hazikuweza tena kufika kwetu. Mama, ambaye zamani alinunua omena, dagaa wetu wa ziwani, hapo chini tu ya nyumba, sasa alitembea saa mbili hadi bichi nyingine. Akirudi alitumbukiza miguu katika maji ya chumvi. Nilitaka bichi yetu ifunguke. Sikuomba kingine.

Ndipo maafisa wakaja kutoka Homa Bay na fukusi: wadudu wadogo wa kahawia, wenye pua ndefu, ambao tuliambiwa hula gugu hilo na hawagusi mahindi wala sukuma wiki. Kikundi chetu kingewafuga katika mabeseni yenye magugu hadi wazaane, kisha tuwapeleke ziwani. Mwenyekiti wetu, mama mmoja muuza samaki, alinipa mabeseni sita. Nilikuwa na miaka kumi na saba. Shule niliachia darasa la nane, na nilichojua kuhusu wadudu nilikipata katika kitabu cha biolojia kisicho na jalada, nilichokisoma hadi kurasa zikalegea. Nilijiona nimepewa cheo.

“Daktari,” aliniita mvuvi wa kamongo kila alipopita. “Wagonjwa wameamkaje?”

“Wanakula vizuri.”

“Waambie wasimalize. Kamongo wangu wanalala humo humo. Nyinyi mnalia, mimi nashiba.”

Alisema kweli. Samaki wengine walikosa hewa chini ya magugu, lakini kamongo, anayepanda juu kuvuta pumzi, alinenepa humo.

Fukusi walipoanza kula, majani yalijaa madoa. Mashina yakageuka kahawia, yakalainika, yakanuka. Sikuweza kuvumilia. Kila asubuhi nilikata yaliyooza, nikasugua mizizi kwa vidole hadi ikawa safi, na takataka nikatupa nyuma ya jiko. Hata Sabato moja nilisingizia tumbo, mama akaenda kanisani peke yake, nami nikabaki nachambua majani. Nilikuwa nimekariri jinsi kipepeo anavyoanza kama yai, kisha kiwavi. Sikujiuliza hata siku moja fukusi anaanzia wapi.

Baada ya wiki kadhaa mabeseni yangu yaling'aa kama bustani ya ofisi, na fukusi walikuwa wakipungua. Niliogopa. Kwa hiyo nikaongeza usafi.

Mwenyekiti alipokuja kukagua, aliyatazama mabeseni kwa muda mrefu. Halafu akawatazama kuku wetu.

“Hawa mnawapa nini?”

“Hakuna, mama. Wanachakura tu.”

“Kuku wa kuchakura hana kifua hicho.”

Akawafuata hadi nyuma ya jiko. Aliokota shina moja bovu, akalipasua kwa ukucha. Ndani alikuwamo funza mweupe, mnono.

“Unamjua huyu?”

Nilitikisa kichwa.

“Ndiye fukusi wako, nyathina, mtoto wangu, kabla hajavaa koti. Mama yake hutaga ndani ya jani. Huyu funza hula shina kutoka ndani, kisha hushuka kwenye mizizi kulala. Huo uchafu ndio nyumba yake. Wewe umebomoa nyumba, ukawaita kuku.”

Nililia hadi akaniambia inatosha. Akilini nilikuwa nikiona tu miguu ya mama yangu katika maji ya chumvi.

Katika mkutano, kwenye banda la kupimia samaki, nilisimama nikasema yote, hata ile Sabato. Mama alikuwa amekaa mbele yangu. Nilitamani wanifukuze. Kufukuzwa ningeelewa.

“Basi hao kuku ni wa mradi,” alisema mvuvi wa kamongo. “Jumapili tule matunda ya kazi yetu.”

Watu wakacheka, mama pia. Kisha mwenyekiti akatoka, akarudi na beseni lake mwenyewe. Majani yake yalikuwa kama matambara, maji meusi, na fukusi wamejaa. Wengine nao wakanitolea, kila mmoja, mmea wake mbaya kuliko yote.

“Chukua,” alisema. “Na mikono yako uikalie.”

Niliikalia kweli. Nilikaa kando ya mabeseni nikiutazama uozo, jasho likinitoka. Vyura wakaja, na konokono, na vijidudu nisivyovijua hadi leo. Polepole nikaelewa kwamba gugu hili lilitufikia kutoka ng'ambo bila wadudu wanaolila, ndiyo maana likatushinda. Na fukusi, bila gugu, hana pa kulea watoto wake.

Siku ya kuwapeleka ziwani, aliyetupigia kafi hadi katikati ya magugu alikuwa mvuvi wa kamongo.

“Mzee, si unajiharibia kazi?” nilimuuliza.

“Najua. Mama yako alikuja kwangu mara tatu. Alisema ukishindwa hili hutagusa kitu kingine tena maishani.”

Sikujua kwamba miguu ile ilikuwa imetembea pia kwa ajili yangu.

Haikuwa kazi ya mwezi mmoja. Magugu yalikaa sana kabla ya kuwa kahawia na kuzama, na upepo na mvua vilisaidia. Siwezi kusema fukusi yupi alikuwa wangu. Lakini asubuhi moja mashua ya omena ilifika kwetu. Mama alishuka na ndoo, pekupeku, akanunua, akarudi. Chai niliyommiminia kabla hajatoka ilikuwa bado moto.