Siku Cucu Alipoitwa Marehemu

Mwanangu, ijapokuwa si mimi niliyekuzaa, iko alasiri moja ya Ruiru ambayo mpaka leo nikiikumbuka nashtuka. Ilikuwa miaka ya hamsini. Sisi wanawake wachuma kahawa tulikusanyika uwanjani, askari wenye bunduki wakituangalia, maana siku hizo hata mkutano ulitaka kibali. Nyapara wetu alikuwa amempiga mama mjamzito kiboko. Tulitaka kugoma, ila tuliogopa.

Msemaji alitoka Thika, kijana wa chama cha wafanyakazi. Alijua kuwasha watu kwa kutaja mashujaa wa zamani.

"Mnamjua Wangechi?" akauliza. "Wasichana walipokuwa wakiswagwa kwenda kuchuma kahawa kwa lazima, alilala barabarani akawaambia askari wamkanyage! Marehemu Wangechi hakujua woga!"

Tukashangilia. Kando yangu nyanya yangu, ambaye sote tulimwita Cucu Rahabu, akasimama.

"Kijana, mbona unanizika? Wangechi ni mimi. Rahabu ni la ubatizo. Lile lingine nililificha, enzi hizo nilikuwa natafutwa na serikali."

Ngai! Nimelala kitanda kimoja na nyanya huyu tangu utotoni! Nikamgeukia mama yangu. Alikuwa analia. Kumbe alijua.

"Na woga niliujua," Cucu akaendelea. "Nilitetemeka mpaka nikajikojolea. Lakini binti yangu, huyu hapa, alikuwa kwenye ule msafara. Ningefanya nini?"

Msemaji akavua kofia, akashuka jukwaani.

"Nisamehe, Cucu. Njoo uzungumze wewe."

"Nimeshamaliza," akasema, akaketi.

Kesho yake hakuna mwanamke aliyeshika kikapu. Tulikaa chini mashambani, askari wakatupigia kelele, wengine wakatusukuma kwa vitako vya bunduki. Wengi wetu tulikuwa tunatetemeka, wala hatukuona aibu. Juma halikuisha kabla nyapara hajaondolewa.

Basi nisikilize, mwanangu. Ukisikia jukwaani wakitaja mashujaa, usidhani walikuwa watu wa chuma. Walikuwa na hofu, na watoto, na magoti yanayouma. Na ukirudi nyumbani, muulize aliyekuzaa alipitia nini, ungali unaweza kumsikia akijibu. Mimi niliishia kusikia habari za nyanya yangu kwa mgeni.

Mungu akutangulie, akupe uzee mwema, na wajukuu watakaokuuliza.