Bega la Kushoto la Mwasha Taa

Pale studio ya katuni palikuwa na kabati la chuma ambalo wachoraji walilibatiza jina la jokofu. Mchoro uliokataliwa kwenye filamu haukutupwa. Ulitiwa humo ukapoa. Halafu walipobanwa na katuni za televisheni, ambazo kila wiki zinataka sura mpya, walilifungua jokofu wakatafuta cha kupasha moto.

Mama Mistari alianza kuchora pale nywele zake zikiwa bado nyeusi, na humo jokofuni alikuwa na mtu wake: mwanamke mrefu mwenye ngazi, mwasha taa za barabarani katika mji wa kubuni. Filamu ilipoonekana ndefu mno, mwasha taa akakatwa kabla hajapiga hata hatua moja. Wenzake walidhani ni mchoro tu. Kumbe alikuwa dada yake.

Mama yao alipofariki, dada huyo ndiye aliyemlea. Aliuza maziwa mlango kwa mlango, ndoo mkono wa kushoto, mpaka bega la upande huo likalala na halikuinuka tena, hata akiwa mikono mitupu. Mdogo wake alilitambua lile bega tangu mbali, hata kabla ya kuona uso, akaanza kurukaruka kibarazani. Sasa dada hayupo, na picha zake zote zilizobaki amesimama. Mama Mistari alikuwa na hamu moja tu: amwone akitembea.

Basi mwongozaji wa katuni, kijana waliyemwita Chapchap kwa haraka zake, alipotoka jokofuni na mchoro ule mkononi, mama wa watu moyo ulimruka.

"Shangazi, huyu nani kamficha? Namtaka awe jirani wa yule paka wa katuni yetu."

"Mchukue, mwanangu. Hata leo."

"Ila tumpunguze. Vifungo vyote hivi, nani atavichora kila hatua? Vijana wangu watanikimbia."

Vifungo vikaondoka. Mikunjo ya gauni ikaondoka, na vidole vitano vikawa vinne. Kila Chapchap alipoweka kalamu, Mama Mistari aliitikia "toa", ametulia kama aliyekaa mbele ya kinyozi wake wa siku zote. Mpaka walipofika begani.

"Hili tulinyooshe."

"Hilo usiliguse."

"Sikia, shangazi yangu. Akienda, tunamchora. Akirudi hatumchori tena, tunageuza mchoro ule ule kama kwenye kioo. Bega likiwa hivi litahama upande."

"Lihame basi. Lakini lisinyooshwe."

Chapchap akacheka. "Haya, umenishinda. Watoto wenyewe watajulia wapi?"

Siku ya kutazama kazi walishusha mapazia. Mwasha taa akatokea, ngazi mkononi, akaanza kutembea. Bega la kushoto limelala. Mama Mistari akajishika mdomo. Ndiye! Ndiye kabisa, na kichwa chake kilichoinama kidogo kana kwamba anahesabu nyumba. Akaenda, akaenda, mpaka akaishia pembeni mwa skrini.

Kisha akarudi. Uso ule ule, gauni lile lile, lakini sasa bega la kulia ndilo lililolala. Mama Mistari alimtazama kama unavyomtazama mtu uliyemkimbilia sokoni, ukamgusa mgongo, akageuka ukakuta siye.

"Vipi, hujapenda?" Chapchap akauliza.

"Nimependa. Anayekwenda ni yeye. Anayerudi simjui."

"Si nilikuambia?"

"Uliniambia. Nipe karatasi."

"Shangazi jamani! Kurudi huko ni michoro mingi, na Ijumaa katuni inakwenda hewani."

"Nikikuomba unisaidie, ndipo ulalamike."

Akavuta kiti hadi kwenye meza ya kioo yenye taa chini yake. Karatasi ya kwanza ilionyesha ncha ya ngazi tu. Mwenye ngazi alikuwa bado hajachomoza. Ya pili ukaingia mkono. Ya tatu likaja bega, la kushoto, limelala. Mama Mistari akapuliza vumbi la penseli, akaweka karatasi nyingine juu yake, amsogeze kidogo.