Aliyenisikiliza Kabla ya Kuniona

Mara ya kwanza binti yangu kucheza tumboni, nilikuwa nimeketi chini nikipepeta ndengu. Nilihisi kitu kidogo kikijigeuza, kama kifaranga anavyojigeuza ndani ya kiganja kilichofungwa. Nikaweka ungo chini. Nikatazama mlangoni, kwa sababu nilikuwa nimeguswa na mtu, na hapakuwa na mtu.

Nilizaliwa Kasikeu, upande wa Makueni, nikaolewa karibu na Kabati, Kitui. Shule niliishia darasa la nane. Mume wangu hufanya kazi kwenye mashamba ya kunyunyizia maji kule Kibwezi, mashamba ya matikiti na bamia, na huja nyumbani mwisho wa mwezi. Siku nyingine zote tulikuwa wawili, mimi na mama mkwe wangu. Mama mkwe huongea. Huongea na kuku, huongea na sufuria ikichelewa kuchemka, na akiomba, jirani wa ng'ambo ya bonde huitikia amina. Mimi ni mtu wa kunyamaza. Si kwa ubaya, ndivyo nilivyo.

Mimba ilipofika miezi sita, nesi wa kliniki alinipima tumbo, akaniuliza, "Unamwongelesha?"

"Nani?"

"Huyu hapa." Akagonga tumbo langu polepole kwa kidole. "Ameanza kusikia. Maneno hayajui, lakini sauti anaisikia, na yako kuliko zote. Ya watu wengine inamfikia kwa nje. Yako inashuka kwenye mifupa yako mpaka alipo. Akizaliwa ataijua."

Wanawake waliokuwa kwenye benchi walisikia. Mmoja akasema, "Basi wangu atazaliwa anajua matusi tu, na babake ndiye mwalimu." Wakacheka mpaka nesi akawanyamazisha.

Nilirudi nyumbani nikiwa nimeamua kumwongelesha. Nilingoja mama mkwe aende kisimani, nikaketi kitandani, nikashika tumbo. Nikasema, "Hujambo," kama mtu aliyeingia ofisini kwa chifu. Kisha nikaishiwa. Nilijaribu tena siku nyingine na sikufika hata kwenye hujambo. Niliona aibu mbele ya mtu ambaye hajazaliwa.

Mama mkwe hakuhitaji kuambiwa na nesi. Kwetu Wakamba, mtoto wa kwanza akiwa msichana hupewa jina la mama ya baba yake, na tangu siku hiyo huhesabiwa kama ni yeye. Hata baba yake humwita mama. Mama mkwe alikuwa ameamua mtoto ni msichana kabla ya mtu yeyote kujua. Kila asubuhi aliinama mbele ya tumbo langu na kusema kwa sauti ile ya kuita mbuzi, "Mwenzangu! Umeamka? Jua limetoka na wewe bado umelala!" Na mwenzake alipiga teke. Nilisimama katikati yao kama mlango.

Hata hivyo kuna mambo niliyoyaona mimi peke yangu. Siku moja kifuniko cha sufuria kilianguka sakafuni, naye akashtuka kabla yangu. Mimi nilikuwa bado natafuta ni nini kimeanguka, naye alikuwa amekwisha kuruka na kujikunja. Niliketi kwenye kigoda kwa muda mrefu. Nilikuwa nikidhani hofu iliyo ndani yangu yote ni yangu. Kumbe mle ndani kulikuwa na mtu mwenye hofu yake mwenyewe, ambayo sikumpa.

Alizaliwa asubuhi kwenye kituo cha afya. Alikuwa msichana kweli. Nesi alimpangusa, akamlaza kifuani pangu akiwa uchi, akatufunika kwa leso. Alilia kidogo tu, halafu akanyamaza na kufungua macho. Nilikuwa nimesikia kwamba mtoto mchanga haoni. Huyu aliniona. Aliniangalia bila haraka, kama mtu aliyetoka safari ya mbali anavyoangalia nyumba aliyoelekezwa.

Kisha akaanza kusukuma kwa miguu. Kichwa chake kiliinuka, kikaanguka, kikainuka tena. Alikuwa akipanda kifuani pangu, kidogo kidogo, akipumzika na kuendelea. Nilitaka kumsaidia.

"Mwache," nesi akasema. "Anaijua njia."

"Ameijulia wapi?"

"Ni harufu. Ziwa lako linanukia karibu kama maji aliyokuwa anaishi ndani yake. Anarudi kwao."

Nikamwacha. Hakuwa amekaa duniani hata saa moja, na alifika mwenyewe, akafungua mdomo, akashika. Vinyweleo vya mwili wangu wote vilisimama. Kanisani nimesikia mengi kuhusu uumbaji na sijawahi kuogopa vile.

Hapo ndipo mama mkwe aliingia. "Mwenzangu! Umefika!"

Mtoto aliacha ziwa. Akageuza kichwa, shingo ile isiyo na nguvu, mpaka shavu likaelekea mlangoni.

"Hee, huyo anamjua!" nesi akasema, na kila mtu akacheka. Mimi pia nilicheka. Lakini ndani nilihisi kama mtu aliyebeba mgeni mgongoni njia yote, na mgeni akashuka akamsalimia mwingine. Nesi alikuwa ameniambia mapema kwamba mtoto ataijua sauti yangu. Sikumpa sauti ya kujua. Nilijiuliza kama mtoto anaweza kukaa tumboni mwa mtu miezi tisa, akatoka bila kujua mtu huyo ni nani.

Siku ya tatu wanawake walikuja kumpa jina. Walikuja na uji na sukari na kelele. Mmoja alimwambia mama mkwe, "Leo umezaliwa upya. Na meno je?"

"Meno tutaota pamoja, mimi na mwenzangu."

Wakapokezana mtoto. Kwa kila mmoja alitulia, na kwa mama mkwe alitulia zaidi, akawa anasikiliza na macho wazi. Waliponirudishia, akalia. Nikambembeleza bila kusema kitu, akazidi.

"Si analia kwa sababu mama yake hamwambii kitu," mwanamke mmoja akasema. "Mtoto atajuaje kama ameshikwa na mtu au na gunia?"

Ulikuwa mzaha na nyumba yote ilicheka. Mimi niliuchukua kama ukweli. Tangu siku hiyo nilianza kumtoa. Akimaliza kunyonya, nilimpeleka kwa mama mkwe. Akilia, nilimpeleka. Nilijiambia ni heri alelewe na mtu anayemjua. Mume wangu akipiga simu alikuwa akiuliza, "Mama ameamka?" Mama mkwe anajibu, "Mama yupi?" Naye anasema, "Wote wawili." Walikuwa wakicheka, nami nilikuwa nikihesabu kwamba wako watatu.

Mtoto alipofikisha wiki tano, mama mkwe alienda Kabati kwenye mkutano wa akina mama wa kanisa. Alikuwa ameacha mahindi yameloweshwa maji kidogo kwa ajili ya muthokoi, yale mahindi tunayoyatwanga mpaka maganda yatoke ndipo tuyapike. Binti wa jirani ndiye angekuja kuyatwanga, kwa sababu mimi nilikuwa bado nimekatazwa kazi nzito. Binti hakuja.

Mtoto alianza kulia saa nne. Nilimnyonyesha, akalia. Nilimbadilisha, akalia. Nilitembea naye uani kwenda na kurudi. Mwishowe nilifanya jambo ambalo nikilikumbuka bado nafunika uso. Nilimshika mbele yangu, nikapanua kifua, nikaita kwa sauti ya mama mkwe, "Mwenzangu! Umeamka? Jua limetoka!"

Akanyamaza papo hapo. Akaangalia mdomo wangu, akapanda mpaka machoni, akarudi mdomoni. Midomo yake ikatetemeka, uso ukakunjika, akatoa kilio ambacho sikuwa nimekisikia kwake. Kile hakikuwa cha njaa. Kilikuwa cha hofu. Uso aliujua, na sauti aliijua, lakini havikupaswa kutoka kwa mtu mmoja. Wakati ule sikuelewa hivyo. Nilijua tu kwamba nimejaribu kila kitu, hata kuwa mtu mwingine, na nimeshindwa.

Nikamlaza kwenye leso kivulini, karibu na ukuta wa jikoni. Mahindi yalikuwa yanakauka. Nikachukua mchi, angalau mikono yangu iwe na kazi inayoiweza, nikaanza kutwanga huku machozi yananitoka.

Baada ya muda niligundua nasikia kinu peke yake. Nikatupa mchi nikakimbia, nikidhani kuna jambo limempata. Alikuwa amelala chali, macho wazi, ngumi zimefunguka. Nilipoinama akaanza kunung'unika. Nikarudi kwenye kinu nikatwanga mara tatu. Kimya. Nikaacha. Akanung'unika. Nikatwanga. Kimya.

Nikatwanga polepole nikisikiliza, na ndipo nikajisikia. Kila mchi unaposhuka, mimi hutoa pumzi na sauti kidogo puani, hm, na unapoinuka huvuta nyingine. Hm. Hm. Sikuwa nimejua kamwe kwamba ninafanya hivyo. Tangu niolewe nimetwanga karibu kila jioni, na jioni zote za mimba yeye alikuwa mle ndani. Nikaacha mchi kabisa. Nikamchukua, nikamlaza kifuani, nikapumua vile vile bila kutwanga. Hm. Hm.

Mwili wake wote ulilegea juu yangu. Kisha akainua kichwa, akanitazama.

Siwezi kuandika vizuri jinsi alivyonitazama. Nilikuwa nimeambiwa mtoto husikia sauti ya mama yake, nami nikadhani sauti ni maneno. Ila ile hujambo moja, sikuwa nimempa neno langu lolote, naye alikuwa amekusanya kile kilichobaki, pumzi yangu, uchovu wangu, mwendo wa mikono yangu, akavijua hivyo kuwa ni mtu. Alikuwa amenisikiliza kuliko nilivyojisikiliza mwenyewe.

Mama mkwe alitukuta hapo. Aliona mchi kwanza.

"Wewe msichana! Nani amekwambia utwange? Unataka mgongo ukatike, nikulee na wewe?"

"Mama," nikasema, "nilidhani hanijui."

"Nani?"

"Mtoto. Kwako ananyamaza. Kwangu analia tu. Nilidhani anakujua wewe, mimi hanijui. Ndiyo maana nilikuwa nakuletea."

Hata kwa mume wangu sikuwa nimewahi kusema maneno mengi hivyo kwa mara moja. Mama mkwe aliketi chini na nguo zake za kanisa. Alinyamaza, jambo ambalo pia lilikuwa geni. Halafu akaanza kucheka.

"Kumbe! Na mimi nilidhani wewe umemkataa mtoto. Nimeenda leo kuwaambia akina mama wakuombee." Akafuta macho. "Mwanangu, kwangu hanyamazi kwa kunipenda. Ananyamaza kama mtoto wa shule aliyesikia mwalimu anakuja. Na kwako analia kwa sababu ananusa maziwa. Mimi atanililia nini? Sina hata tone."

"Na wale wanawake wameomba?"

"Wameomba sana. Kesho wakija kukuona, wewe jifanye mgonjwa kidogo."

Akaingia ndani kubadilisha nguo, akiwaeleza kuku habari zote. Nilibaki na mtoto. Sikuwa naogopa tena kwamba nitasema vibaya, maana hakuna nilichokuwa natafuta kwake. Nikamwambia kitu kilichokuwa mbele yetu. "Haya ni mahindi," nikasema. "Bado yana maganda."

Alitazama mdomo wangu. Aliacha kupiga miguu, akakunja nyusi, akafungua mdomo wake mdogo, ukawa mviringo, ukabadilika, ukafunga. Kisha akatoa sauti nyembamba ya kooni. Nikadhani amemaliza, lakini alibaki vile vile ameniangalia, bila kusogea, na nikaelewa kwamba ni zamu yangu.

Mimi nikisita, watu hunimalizia sentensi. Huyu hakufanya haraka. Nilitafuta neno muda mrefu, naye akaningoja.