Rafu ya Majina Jikoni kwa Laddie Janak

Ladislav Janak ni mwana wa Emil Janak, aliyeshika mizani ya mnada wa ng'ombe wa Velka, Texas, tangu ujana wake hadi uzeeni, na hakuna mfugaji aliyepata kumwomba apime mara ya pili. Emil naye alizaliwa na Vincenc, mchonga mawe, ambaye ndiye aliyeujenga msingi wa kanisa la mji huu, na msingi ule haujapata ufa hadi leo. Watu wa ukoo huo waliamka mapema, walisema kweli, na walivaa mashati yaliyopigwa pasi hata siku ya kuogesha mifugo.

Laddie, kama anavyoitwa na wote, hakurithi mizani. Alirithi jiko.

Saa kumi na moja alfajiri, siku ya Jumanne ambayo ndiyo siku ya mnada, amesimama katika mkahawa mdogo ulio ubavuni mwa mazizi, akikata nyama ya bega la ng'ombe vipande vidogo kwa kisu. Nje, malori ya mifugo yanaingia moja baada ya jingine. Ndani, pilipili kavu nyekundu zinakaangwa bila mafuta, na harufu yake inamkohoza kila anayefungua mlango.

"Nyama ya kusaga ni ya watu wenye haraka," anasema bila kuinua macho. "Mtu mwenye haraka asipike chili. Akaange yai."

Chili ya hapa, ule mchuzi mzito wa Texas, ni nyama, pilipili, shahamu, bizari nyembamba na subira. Nyanya haziingii. Maharagwe ndiyo kabisa. Juu ya mlango wa jikoni kuna bango la mbao alilolichora Emil kwa mkono wake: HAPA HATUPIKI MAHARAGWE.

Hata hivyo, Laddie si mtu wa kukataa neno la mwenzake. Juu ya jiko kuna rafu ndefu yenye makopo, na kila kopo limeandikwa jina la mtu. Kahawa inaitwa Alton, kwa kuwa dereva wa lori aitwaye Alton ndiye aliyesema kwamba kikombe cha kahawa nyeusi kingeufanya mchuzi ukolee. Chokoleti chungu ni Graciela, mfugaji wa mbuzi. Unga wa mahindi wa kuufanya mchuzi kuwa mzito ni Sista Benedikta.

"Alton amefariki siku nyingi," anasema Laddie, akichota kijiko kutoka kopo lake. "Lakini kila Jumanne anakuja kazini. Kuna walio hai hawafiki."

Utaratibu wake unajulikana na wote. Mteja akiwa na wazo, Laddie humchotea mchuzi katika sufuria ndogo, hutia kinachopendekezwa, na mwenye wazo hula wa kwanza mbele ya kaunta nzima. Akimaliza bila kukunja uso, Laddie huonja. Wachache sana hupata kopo. Wengine huondoka na siri moja ya mpishi badala yake: namna ya kuloweka pilipili zisitoe uchungu, au kwa nini chumvi hutiwa mwishoni. Bakuli ni dola saba. Mshahara wake, asema, humtosha mtu asiyependa makuu.

Mwezi wa Januari, mazungumzo ya kaunta yalibadilika.

Arlys, mkewe Laddie, alikuwa amemaliza matibabu ya saratani ya koo. Ugonjwa uliondoka, lakini uliondoka pamoja na hamu yake ya kula. Kila chakula, alisema, kilikuwa na ladha ya gazeti lililoloa maji. Nguo zilianza kumpwaya. Daktari hakuficha jambo: Arlys asipoanza kula vya kutosha kabla ya Pasaka, atarudi hospitali awekewe mpira wa kupitishia chakula tumboni.

Habari hizo zilipofika kaunta, mawazo yakaacha kuletwa kwa ajili ya mnada. Yakawa yanaletwa kwa ajili ya Arlys.

Royce Tackett, dalali wa mnada, mwanamume ambaye sauti yake husikika hadi barabara kuu, aliingia siku moja na chupa ya maji ya achari ya matango.

"Mzee Laddie, tia hii. Shangazi yangu alikuwa hali kitu. Kaonja hii tu, akaamka kitandani akatoka mbio."

"Aliamka akukimbie wewe."

"Tia bwana, acha kiburi!"

"Anza kula mwenyewe."

Royce alikula. Machozi yalimtoka, naye akaapa kwamba amemkumbuka tu shangazi.

Kila jioni Laddie alibeba kibakuli kwenda nyumbani, ng'ambo ya barabara. Alipeleka chenye siagi ya karanga, chenye asali, chenye bia, chenye maji ya ndimu. Arlys alionja kijiko kimoja, akamtaja kwa jina aliyetoa wazo na kumshukuru, kisha akakiweka kijiko chini.

"Mwambie Royce asante," alisema siku ile ya achari. "Na mwambie asirudie."

Laddie hakulelewa kulia mbele za watu. Aliosha sufuria. Wateja wanasema majuma yale sufuria za mkahawa ziling'aa mpaka mtu akajiona sura.

Katikati ya Machi akaja Twila, dada yake Arlys, kutoka Nebraska, jimbo la baridi huko kaskazini, walikozaliwa wote wawili. Jumanne hiyo aliketi kaunta, akavua glavu zake, akatazama juu ya mlango wa jikoni.

"Shemeji, hilo bango bado mnalo?"

"Lipo, na litakuwepo."

"Na dada yangu anakufa njaa chini yake."

Hata Royce alivua kofia.

"Nimejaribu kila kitu, Twila," alisema Laddie. "Nimemuuliza kila mtu. Nimemuuliza sista, nimewauliza madereva. Nimemuuliza jamaa aliyekuja hapa kuuza mbuzi mmoja, tena mgonjwa."

"Arlys je? Yeye umemuuliza?"

Laddie alishusha mwiko. Aligeuka akaitazama rafu, jina baada ya jina, toka mwanzo hadi mwisho, kama mtu aliyepotelewa na kitu ndani ya nyumba yake mwenyewe. Kisha akafanya jambo ambalo hajapata kulifanya siku ya mnada: akamkabidhi mtu mwingine mwiko.

"Koroga tu," alimwambia shemeji yake. "Usiongeze kitu."

Arlys alikuwa ameketi dirishani na shali mabegani alipomwona mumewe akivuka barabara na aproni yake.

"Mkahawa umeungua?"

"Haujaungua. Nimekuja kukuuliza kitu."

"Siku ya mnada? Basi kuna mtu amekufa."

"Hakuna aliyekufa, mama. Nataka kujua. Chili ingekuwa yako wewe, ungeipika vipi?"

Arlys akasimulia habari za shule ya utotoni mwake, theluji ikiwa imefika madirishani, na wapishi wa shule waliopika chili kila Alhamisi ya baridi.

"Na maharagwe," alisema. "Mekundu, makubwa, yameiva mpaka yanapasuka. Na pembeni mkate mtamu wa mdalasini, ule wa kuviringishwa, wenye sukari juu. Unauchovya."

"Unauchovya wapi?"

"Ndani ya chili, Laddie."

"Mungu wangu."

"Si umeuliza mwenyewe?"

Laddie alivuta kiti akaketi karibu naye. "Mbona miaka yote hii hukuniambia?"

"Siku ya kwanza uliponileta kwenu, mama yako aliniuliza kama napenda chili. Nikasema naipenda sana, hasa ikiwa na maharagwe. Baba yako akaweka kijiko chini. Meza nzima ikawa kama nimemtukana marehemu. Nikajisemea, hawa ni watu wema, nitazoea tu. Na nikazoea. Chili yako ni nzuri, mzee. Ila siyo ya kwetu." Akamshika mkono. "Halafu wewe nawe hukuniuliza. Wote waliopita mlangoni kwako umewauliza."

Laddie hakujitetea. Aliinamisha kichwa mpaka mkewe akamwambia arudi kazini kabla Twila hajaiharibu sufuria.

Velka ina duka moja la vyakula. Laddie alipitia huko kwanza, na mwuzaji alimuuliza mara mbili kama hajakosea rafu. Laddie alipofika mnadani, Royce alikuwa jukwaani, anauza, na dalali huyo hupata habari kabla hazijatokea.

"Fahali mwekundu huyu, nani ananipa, nani ananipa, na nimearifiwa sasa hivi kwamba Laddie Janak amenunua maharagwe, nani ananipa zaidi!"

Mnada ulisimama kwa kicheko. Wazee walivua kofia zao wakazipunga. Laddie alipita katikati yao amenyooka, mfuko wa maharagwe mkononi, peupe, wala hakuuficha ndani ya koti. Wanaomkumbuka Emil wanasema ndivyo baba yake alivyokuwa akitembea.

Maharagwe yalilowekwa usiku kucha. Kesho yake Twila alioka mikate, naye Laddie akapika chili katika jiko la nyumbani, akakipeleka kibakuli dirishani na kuketi upande wa pili wa meza. Hakuthubutu kumtazama mkewe. Alitazama mazizi yaliyokuwa matupu, akasikiliza kijiko. Kiligusa bakuli mara moja. Kikagusa tena. Alihesabu kwa masikio, kisha akaacha kuhesabu.

Alipogeuka, bakuli lilikuwa limefika nusu, na Arlys alikuwa anachovya mkate.

"Ladha unaisikia?"

"Kidogo. Nyingine naikumbuka. Inatosha." Kisha akamsogezea bakuli. "Haya, mwenye wazo amekula kwanza. Sasa zamu ya mpishi. Sheria si yako?"

Laddie alionja. Alitafuna polepole, uso wake wote ukiwa wa hakimu.

"Hii siyo chili," alisema.

"Ni nini basi?"

"Sijui. Nipe tena."

Pasaka imepita, na mpira haukuwekwa. Arlys bado ni mwembamba. Ziko siku anakula vijiko viwili na kuchoka, na ziko siku anaomba aongezwe. Daktari amesema aendelee hivyo hivyo.

Maharagwe hayajaingia katika sufuria kubwa ya mnada. Bango la Emil halijashushwa, na Laddie anasema hatakuwa yeye wa kulishusha. Lakini mwanzoni mwa rafu, mbele ya Alton na Graciela na Sista Benedikta, kuna kopo jipya la maharagwe yaliyopikwa nyumbani, lililoandikwa ARLYS, na anayeomba huchotewa.

"Nataka Jumanne ya kwanza ya Juni aketi pale," anasema Laddie, akionyesha kiti kilicho karibu na dirisha. "Nimwekee bakuli lake mbele ya watu wote, waone wazo hili ni la nani."

Tangu kopo hilo liwekwe ameongeza sheria moja, na Jumanne hii mteja wa kwanza kukutana nayo ni kijana mmoja mfugaji aliyeingia na mke aliyemwoa mwezi uliopita.

"Mzee, nina wazo," anasema kijana. "Tia nanasi."

Kaunta inaguna. Laddie ameshika bakuli la mchuzi wa moto, lakini haliweki mezani.

"Na huyu bibi, yeye anapenda nini?"

"Ah, huyu anakula chochote."

Mpishi anakunja uso. Wanaomjua wanaacha kutafuna.

"Nyie vijana, nisikilizeni, wewe na wenzako wote mliokaa hapo, na msingoje mpaka mfike umri wangu. Hakuna mtu anayekula chochote. Kuna mtu ambaye hajaulizwa. Mimi usinitazame. Geuka, umuulize sasa hivi. Bakuli hili nimelishika, nangoja."