Ramadhani Aliyeuawa Kila Jumamosi

Haya sogeeni, jamaa wa Muaither na wa Al Rayyan hapa Qatar, wenye zamu za ulinzi na wenye magari ya mabosi, leo Ijumaa hakuna wa kutukimbiza. Shule mimi niliichungulia dirishani tu, kwa hiyo nipeni masikio, kalamu wekeni chini.

Harufu ya karanga mbichi na vumbi la magunia ikinipata popote, hata pale kwenye maduka ya Fereej Bin Mahmoud, hofu ya utotoni inanirudia. Kwetu Kilosa sinema ilioneshwa kwenye ghala la karanga. Joto la humo ungetia yai mfukoni ukatoka na jogoo. Mashine ilikuwa kuukuu, na filamu zenyewe zile za kale kabisa za makauboi, watu wanafungua midomo kama samaki na sauti haitoki. Kwa hiyo alikuwepo mfasiri, Bakari Kelele, anasimama na fimbo yake pembeni ya shuka jeupe la kuoneshea picha, anawasemea wote: steringi, maadui, wanawake, mpaka farasi. Majina ya wazungu hakuyajua, basi akawapa majina ya watu wa mtaani kwetu. Steringi akamwita Bakari, maana steringi hafi.

Sasa kulikuwa na mzungu mmoja, mtu wa pembeni tu, ana masharubu ambayo kunguru wawili wangejenga viota humo wakakosana mipaka. Kazi yake ilikuwa kufa. Filamu hii ni mwizi wa farasi, anakufa. Ile kapandishwa cheo, mlinzi wa benki, anakufa. Nyingine anauza pombe, hajamaliza kufuta bilauri, risasi imeshamkuta. Sikuwahi kumwona akifika katikati ya filamu. Na kwa ajili ya yale masharubu Kelele akamwita Ramadhani. Ramadhani ni baba yangu.

Baba wakati huo alikuwa hapahapa Doha, anaendesha lori, na tangu mvua za vuli zianze hatukuwa na habari yake yoyote. Mama akawa anaunguza hata chai. Kila aliyepiga hodi alimkimbilia mlangoni, halafu anarudi polepole, anakaa, haulizwi. Na mimi kila Jumamosi naona Ramadhani anapigwa risasi, ghala zima linapiga makofi, wenzangu wananipa pole na kicheko juu. Nacheka nao, lakini moyoni nasikia wahenga wanasema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Nikaanza kuamini kwamba Kelele ndiye anayemuua baba kwa mdomo wake. Nisiende pia siwezi: nani atamwangalia?

Nikamfuata kwake. Alikuwa ananyoa ndevu, nikamwambia asimuue baba. Akanitazama kwenye kioo, wembe umesimama.

"Mwanangu, mimi siui mtu. Wanauana wenyewe huko kwao."

Lakini nadhani neno lilimwingia. Jumamosi iliyofuata Ramadhani akachapwa risasi mbili, akaanguka chali, na Kelele akatangaza kwamba kajikwaa tu, anapumzika. Ghala likazomea. Mara watu kwenye shuka wakaanza kuchimba shimo, wamevua kofia. Kelele jasho linamtoka. Akasema hapo wanachimba kisima. Wakamteremsha. Akasema Ramadhani anaingia kupima maji. Wakafukia. Hapo Kelele akakiacha kisima, akarukia habari za steringi na ng'ombe. Watu walicheka mpaka magunia yakapasuka. Mimi macho kwenye lile shimo, nasubiri atoke. Filamu ikaisha, taa ikawashwa, hakutoka.

Siku zile sikula. Nilikonda hata kivuli changu kikawa kinapita chini ya mlango. Mama akidhani ni malaria, ananilisha kwinini, na mimi siwezi kumwambia kwamba mumewe yuko kisimani.

Kisha akapita mtu katoka Uarabuni, kaleta kanda ya kaseti. Enzi hizo mtu akikosa wa kumwandikia alijirekodi. Majirani wakajaa, redio ikawekwa juu ya kinu. Kwanza kelele za upepo. Halafu kikohozi. Mama kusikia kikohozi tu akakaa chini na upawa mkononi. Baba akasema hajambo, alikuwa amevunjika mguu, sasa anatembea. Halafu akanitaja na mimi: "Seif asichezee sinema, asome." Nililia kwa furaha. Kusoma ndiyo hivyo, sikusoma.

Leo mimi ndiye Ramadhani wa Doha, masharubu pia ninayo. Binti yangu kule Kilosa ananiona usoni kila jioni, anajua nimekula nini, anajua hata soksi imetoboka. Sisi tulikaa vuli nzima bila neno, tukanyamaza. Huyu simu yangu ikizima saa moja tu, mama yake anapigia nusu ya Qatar. Habari zimekuwa karibu kama mate na ulimi, ila hofu, ndugu zangu, ni ileile, imebadili nguo tu.

Nilipowasimulia haya wenzangu chumbani, wote walizitazama simu zao. Otieno, mlinzi wetu wa Kisumu, alikuwa anapiga pasi yunifomu, nilidhani hasikii. Akainua pasi.

"Na watoto wa huyo mzungu wa masharubu je? Walikuwa wanalipa tikiti wakaone buda yao akiuawa?"