Myahudi Aliyekuja Matangani

Surua iliwachukua wanangu wawili katika juma moja, mwaka ule tuliohamishiwa kijiji cha ujamaa chini ya milima ya Uluguru. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Mume wangu alifanya kazi kiwandani Morogoro mjini. Zahanati tulikuwa nayo, dawa hakuna.

Matangani mchungaji alisema, "Ni mapenzi ya Mungu, mama. Shukuru." Wanawake wakaitikia amina. Mimi nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Siku hiyo alikuja mhadhiri wa chuo cha kilimo, Mzungu mzee aliyetufundisha kupanda maharage katika shamba la kijiji. Alikaa jamvini na wanaume. Watu walipotawanyika akanisogelea.

"Pole, mwalimu. Usikubali kuambiwa ushukuru."

Nikamwuliza yeye ni dini gani hata aseme hivyo. Akaniambia ni Myahudi. Wakati wa vita kuu ya pili, utawala wa Wajerumani uliazimia kuwamaliza Wayahudi wote wa Ulaya. Mama yake, mkewe na binti yao mdogo waliuawa kwa gesi. Yeye aliachwa kwa kuwa alikuwa bado na nguvu za kufanyishwa kazi.

"Na Mungu wenu alikuwa wapi, mzee?"

"Wenzangu wanabishana mpaka leo. Wako wanaosema ilikuwa adhabu. Hao siwasalimii. Wengine wanasema aliuficha uso wake. Wengine, kwamba hayupo tena. Na wako wanaosema tusali hivyo hivyo, tusije tukawasaidia wauaji wetu kumaliza kazi yao ya kutufuta."

"Na wewe?"

"Mimi kila asubuhi namshtaki. Sala yetu ya wafu ni ya kumsifu Mungu tu, kifo hakitajwi. Binti yangu sijamsomea. Mdomo unakataa."

Nilingoja neno la kunifariji. Alilia mbele yangu, mtu mzima yule, nami nikaogopa, maana uchungu wake haukuwa umepungua hata kidogo.

Jumapili iliyofuata, katikati ya wimbo, nilisimama kanisani nikapaza sauti: "Kwa nini wanangu?" Mume wangu akanivuta kanga. Mchungaji akakemea pepo. Tangu hapo hakuna mwanamke aliyekaa benchi moja nami.

Mkataba wa mhadhiri ulipokwisha, tuliagana barabarani, malori ya mboga kutoka Mgeta milimani yakitupita.

"Miaka inasaidia?" nilimwuliza.

Akatikisa kichwa kukataa. Nikarudi darasani, kuwafundisha watoto wa wenzangu kusoma.