Besi ya Mzee Ndani ya Kabambe

Krrrr-tik! Mpaka leo nikiisikia sauti hiyo, mkono unakimbia wenyewe kutafuta kitufe cha kuzima. Ni sauti ya redio ikila kaseti.

Nilikuwa binti aliyeanza tu kazi kwenye saiba moja, duka la kompyuta na intaneti pale Rodi Kopany, na kichwani tayari nilikuwa na studio yangu, na bango juu ya mlango. Siku hiyo akaingia bibi mmoja kutoka kisiwa cha Takawiri, kaseti ameifunga kwenye leso. Ilikuwa ya kwaya ya kanisa lao, na kwenye ubeti wa pili marehemu mume wake aliimba besi peke yake. Mahali pengine popote sauti yake haikuwepo.

"Nyathina, mwanangu, mtoe mzee humu, umweke humu," akasema, akinionyesha kaseti, kisha kabambe yake, simu ndogo ya kubonyeza.

Waya wa kuunganisha redio na kompyuta hatukuwa nao. Nikaweka maikrofoni mbele ya spika, nikaomba kimya. Hata kinyozi wa jirani akazima mashine. Wimbo ukaanza. Kufika ubeti wa pili, bibi naye huyo, alto juu kwa juu!

"Dani," nikamwambia, yaani bibi kwa Kijaluo, "si tulisema tunyamaze?"

"Kwani kanisani kwenu wimbo ukianza mnakaa tu?"

Tukarudia. Hapo ndipo krrrr-tik, utepe ukakatika. Bibi akauangalia, akaketi, utani wote umemwisha. Iliyobaki ni ile rekodi ya kwanza tu, ambamo sauti yake imemfunika mumewe.

Nikaitia kwenye memori kadi. Kabambe ikakataa kuifungua: kompyuta ilikuwa imeihifadhi kwa namna yake, simu inataka namna nyingine.

"Msanii wetu," bosi akanicheka, "mashine zako zimenuniana."

Nikaibadilisha faili iwe ya namna ya simu, nikarudisha kadi.

Ikaimba! Bibi akabana simu sikioni. Chini ya alto yake, besi ilikuwepo, nzito, haina haraka.

"Sikia huyu! Hata leo amechelewa kuingia. Nilimwambia miaka yote." Akacheka mpaka akajifuta macho kwa leso. "Hiyo kaseti tupa, mama. Mzee ameshahama."

Jioni, saiba ikiwa tupu, niliiokota ile kaseti kwenye pipa. Nikachomeka kalamu kwenye tundu lake, nikauviringisha ule utepe taratibu, mpaka ukaingia wote.